Nani atatengeneza robine yetu?



Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya kaske, miwani, viatu vya kazi na kinga ya vumbi. Leo ninawaombeni tutoke kazini, tushike njia ya kurudi nyumbani, tusimame kidogo mbele ya robine ya avenyu. Ninayo sababu, na sababu yenyewe ni watoto wawili.

Wakati wa mvua, mama mmoja alikuja dispensere na mtoto wake wa kiume wa miaka miwili. Mtoto alikuwa akiharisha. Nilimpa pakiti za kuchanganya na maji, nikampa tembe za zinki, nikamweleza mama namna ya kumnywesha, wakaenda zao. Baada ya majuma matatu wakarudi na ugonjwa ule ule. Nikafanya vilevile. Mwezi wa pili wakaja mara ya tatu, saa kumi na moja alfajiri. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, alilia bila machozi, na ngozi ya tumbo ukiivuta ilibaki imekunjamana. Tulimwekea serumu, tukakaa naye mpaka saa sita. Mungu alisaidia, akapona. Juma lile lile waliniletea mtoto wa kike kutoka avenyu ya chini. Huyo alifika amechelewa. Sikuwa na kazi nyingine ila kumfunika na kumwita baba yake aliyekuwa katika zamu ya usiku.

Mama wa yule mtoto wa kwanza, alipokuwa akimfunga mgongoni ili warudi kwao, aliniambia: "Munganga, wewe unamponyesha, na mimi ninaenda kumpa maji yale yale." Hakusema kwa hasira. Mimi ndiye niliyeona haya, kwani mara mbili nilikuwa nimetoa dawa bila kumwuliza: mama, mnachota maji wapi?

Siku ya mapumziko nilikwenda kuona. Robine ya avenyu yao ilikuwa haitoi tone tangu mwezi wa kumi. Maji yalikuwamo ndani ya bomba, hilo lilijulikana. Robine ilikuwa imeanza kuvuja mchana na usiku, matope yakaingia katika malupango, mpaka mtu mmoja akachoka akayafunga maji kule chini. Kilichoharibika kilikuwa nini? Kile kipande cha mpira kinachokaa ndani ya robine, mviringo mdogo kama kifungo cha koti. Sokoni bei yake haifiki bei ya chupa moja ya pombe. Na kwa ajili ya mpira huo nyumba zote za avenyu zilikuwa zikichota katika kijito, chini ya vyoo na chini ya mashimo ya matofali.

Niliuliza watu. Mmoja alisema: kampuni itakuja. Mwingine: hiyo ni kazi ya shefu wa kartie. Wa tatu: robine haipo katika lupango langu. Wengine walinionyesha barua waliyoandika. Barua ilikuwa nzuri na jibu lake lilikuwa limekwisha kufika: nyumba ziliuzwa kwa wafanyakazi zamani, na bomba la avenyu halimo tena katika kitabu cha kampuni. Basi waandishi wa barua walikuwa na haki yao, aliyejibu alikuwa na karatasi zake, na watoto waliendelea kunywa maji ya kijito.

Ndugu msomaji, maneno haya "maendeleo ya jamii" unayasikia sana siku hizi. Yanaandikwa juu ya vibao vya barabarani, yanasemwa katika mikutano. Wengi wetu tukiyasikia tunafikiri jengo: masomo mapya, ukuta umepakwa rangi, wakubwa wanakata utepe na kupigwa picha. Mimi sikatai jengo, hata dispensere ninamofanya kazi ni jengo. Lakini jengo linaweza kuja na maendeleo yasije. Maendeleo ya jamii ni watu wanaokaa mahali pamoja kutazama shida yao pamoja, kuchagua ile itakayotangulia, kuitengeneza kwa nguvu zao pamoja na msaada wanaoutafuta, kisha kuilinda miaka yote inayofuata. Hapo mwisho, kwenye kulinda, ndipo wengi tunapoanguka.

Kwa nini sisi watu wa migodi tunaanguka hapo kuliko watu wa vijijini? Mwanakijiji hangojei barua. Daraja lake likivunjika, anakata miti. Sisi tunayo historia nyingine, na haifai kuificha.

Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuwakalisha wafanyakazi katika kambi pamoja na bibi na watoto wao, badala ya kuwaleta kwa mkataba mfupi na kuwarudisha. Kambi ilikuwa na nyumba, posho, masomo, hospitali, mahali pa kujifungulia na pa kupimia uzito wa watoto. Baada ya mwaka 1967, kampuni ya Serikali, ile iliyokuja kuitwa Gécamines, iliendelea na desturi hiyo. Kwa upande wa afya faida ilikuwa kubwa, na mimi sitaitukana: mimi mwenyewe ni mtoto wa kambi. Baba yangu alikuwa akisimulia kwamba hata balbu ikiungua, mtu alikwenda ofisini kuandikisha, akarudi kukaa gizani mpaka fundi aje. Alisimulia kwa kujivuna! Kwake hiyo ilikuwa dalili ya kampuni yenye heshima.

Halafu nyakati zikageuka. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, ikafuata miaka ya fujo na umaskini, na kabla ya mwaka 1995 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50 000 kwa mwaka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliandikishwa katika lile kundi la "kuondoka kwa hiari". Shida walizoziona familia hizo wengi wenu mnazijua kuliko mimi, si lazima nizieleze. Mimi natazama jambo moja tu, kwa jicho la munganga: mahali watu walipozoea kupokea tu, vitu vidogo vilikufa kwanza. Mpira wa robine. Mfuniko wa shimo la choo. Mfereji wa maji ya mvua, ambao hauhitaji fundi wala saruji, unahitaji pala na asubuhi moja.

Wazee watanijibu: tulikuwa na salongo. Ni kweli, katika miaka ya 1970 na 1980 watu waliitwa kufanya kazi ya pamoja, kukata majani na kuzibua mifereji. Lakini waulizeni wazee hao hao waliifanya kwa mkono gani. Mtu aliyeamriwa kufagia avenyu hufagia mbele ya macho ya mkubwa, na mkubwa akipita anaweka fagio chini. Kazi ya pamoja ilikuwa nzuri. Kasoro ilikuwa kwamba wenye kuifanya hawakuulizwa wanataka kuanza na nini.

Sasa, wewe baba unayeshuka shimoni au unayefanya kazi karieri, nataka niseme na wewe peke yako. Ukiona jiwe linaning'inia juu ya njia wanamopita wenzako, unafanya nini? Je, unasema "si jiwe langu"? Unapita, unangoja mwenye mgodi aje alione? Hapana. Unasimama, unazuia wenzako, unamwita shefu wa ekipe, na jiwe linaangushwa kabla zamu haijaanza. Ulifundishwa hivyo, na kwa mafundisho hayo uko hai. Lakini jioni unavua kaske, unafika nyumbani, unaruka matope ya robine iliyovunjika na kuingia ndani kula bukari. Robine ile ni jiwe linaloning'inia juu ya kichwa cha mtoto wako. Usalama haubaki langoni mwa kampuni pamoja na kadi ya kazi.

Turudi kwa avenyu ile. Mkutano wa kwanza ulikuwa mbaya. Ulifanyika chini ya mwembe, walikuja wanaume wengi, walishtakiana mpaka giza likaingia, wakatawanyika bila neno. Nami nilikosea: nilisema sana juu ya vijidudu. Mkutano wa pili waliuita akina mama. Yule mama wa mtoto aliyepona hakueleza kitu juu ya vijidudu. Alileta chupa mbili, moja ya maji ya kijito na moja ya maji ya robine ya kartie ya jirani, akazisimamisha mezani, akauliza: "Mtoto wa nani atakunywa hii?" Hapo hapo franga za mpira zilipatikana, na fundi mmoja aliyestaafu akajitoa kuutia. Robine ikatoa maji siku ya pili yake. Kazi ya saa moja, baada ya kungojea miezi minne!

Lakini sikilizeni, hapo si mwisho, hapo ni mwanzo. Robine itaharibika tena. Nani atalipa siku hiyo? Juu ya makuta ndipo palipokuwa na vita ya kweli. Miaka ya nyuma avenyu ile ilikwisha kukusanya michango, na mtunza sanduku alihama na sanduku. Watu hawakuwa wabahili, walikuwa wameungua. Mwishowe walikubaliana hivi: kila lupango itoe kidogo kila mwezi, sanduku liwe na kufuli mbili, na funguo zake zikae kwa watu wawili wasio wa ukoo mmoja, na daftari isomwe kwa sauti chini ya mwembe mwezi kwa mwezi, nani ametoa, nani hajatoa, nini kimenunuliwa. Mnaocheza likelemba mnajua desturi hii. Likelemba haifi kwa ukosefu wa makuta, inakufa siku hesabu inapofichwa. Na mjane mwenye watoto watano ambaye hana cha kutoa? Walitaka kumfungia maji. Mama wakakataa: yeye atafagia saruji ya robine, na huo ndio mchango wake. Nilifurahi sana, kwa sababu nyumba moja ikirudi kijitoni, ugonjwa unarudi kwa nyumba zote.

Makuta kidogo yakikusanywa kwa akili yanafika mbali. Mfano upo hapa hapa nchini, huko Bwamanda, upande wa Ubangi. Mwaka 1986 hospitali ya zone ya afya ya Bwamanda ilianzisha desturi ya familia kutoa mchango mdogo mara moja kwa mwaka. Walichagua kuuomba wakati ambapo watu wamekwisha kuuza mavuno yao, wakati kila nyumba ina kitu mkononi. Aliyejiandikisha, akilazwa hospitalini, alilipa sehemu ndogo tu ya gharama, na sehemu kubwa ililipwa na sanduku la wote. Walikuwa wakulima wasio na mshahara wa mwezi. Sisi tunaopokea mshahara tujiulize.

Shida ya pili ya avenyu ile ilikuwa mashimo ya matofali, na hapa siwezi kuwapa habari ya furaha tu. Mnajua kazi hiyo: mtu anachimba udongo, au anavunja kichuguu, anafinyanga matofali, anayachoma, anauza. Shimo linabaki. Mvua ikinyesha linajaa, na maji yakitulia mbu wa malaria wanazaa humo. Baada ya juma moja au mawili wanatoka wamekomaa. Komite ilimwendea mwenye mashimo kumwambia ayafunike yote. Akauliza: watoto wangu watakula nini? Swali lake ni la haki, na munganga asiyelijibu afadhali anyamaze. Baada ya maneno mengi alikubali kuchimba shimo moja tu kwa wakati mmoja, na kulijaza la zamani kwa udongo wa juu wa lile jipya. Mashimo mawili yamejazwa. Matatu bado yapo, na moja lao liko karibu na njia ya masomo. Wazazi wa upande huo, shikeni watoto wenu mkono mpaka lifungwe.

Vijana nao walisumbua. Usiku mmoja kufuli ya robine ilivunjwa. Wengine walitaka polisi. Shefu wa avenyu, mtu mwenye busara, aliwapa vijana wale wale kazi ya kufungua robine asubuhi na kuifunga jioni. Tangu hapo kufuli haijavunjwa. Sisemi dawa hiyo itafaa kila mahali.

Sasa mtaniuliza: je, kampuni na Serikali wanaachiliwa? Hapana, msinisikie vibaya. Mpira wa robine ni kazi yetu. Bomba kubwa, kisima kirefu, barabara ya kufikisha mgonjwa hospitalini, hayo yanapita nguvu za avenyu. Lakini anayekwenda kuomba makubwa akiwa amekwisha kutengeneza madogo husikilizwa kwa namna nyingine, kwa sababu mikononi ana daftari, si malalamiko tu.

Tena sheria iko upande wenu, na wengi hamuijui. Mkutano mkubwa wa afya wa Alma-Ata, mwezi wa tisa mwaka 1978, ulisema wazi kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutengeneza afya yao wenyewe. Nchi yetu imegawanyika katika zone za afya zaidi ya 500, na kila zone imegawanyika katika maeneo yenye kituo cha afya. Kila eneo linatakiwa kuwa na komite ya maendeleo, ile inayoitwa CODESA, ambamo munganga mkubwa wa kituo anakaa pamoja na wajitolea waliochaguliwa na wakaaji. Mwulize munganga wa kituo chenu: CODESA yetu inakutana lini? Ni nani anayesimama kwa ajili ya avenyu yetu? Kama hakuna anayejua, hapo mmepata kazi ya kwanza.

Kwa upande wa migodi, kodi ya migodi ilibadilishwa na sheria ya tarehe 9 mwezi wa tatu mwaka 2018. Sheria hiyo inadai kampuni inayochimba iandikiane na jamii inayoizunguka kitabu cha ahadi, kinachoitwa "cahier des charges", chenye kutaja kazi za maendeleo itakazofanya. Tena inadai kampuni iweke kando kwa uchache 0,3 % ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya jamii. Na katika ile malipo ya madini inayolipwa Serikali, 15 % ni ya miji, komine, sekta au shefferi ambamo mgodi unachimbwa. Basi fahamuni: katika mikutano ya kuandika kitabu hicho mtu huulizwa, "mnataka nini?" Mtaa ambao haukukaa chini ya mwembe kabla ya siku hiyo utajibu mambo ishirini kwa sauti ishirini, na utapata jengo ambalo hakuna aliyeliomba. Mtaa uliokwisha kukubaliana utajibu: bomba kutoka hapa mpaka pale, na fundi wawili wafundishwe kulilinda, na mipira ya akiba.

Kabla sijaweka kalamu chini, mambo ya nyumbani ambayo hayangojei komite. Choo kisichimbwe karibu na kisima: acha mita 30 kwa uchache, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Bidoni ya maji iwe na kizibo, na anayechota kwa kikombe asitie vidole ndani. Kama hamna maji ya robine, yachemsheni au yatieni dawa ya kloro jinsi ilivyoandikwa juu ya chupa. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kushika chakula. Mtoto akianza kuharisha na huna pakiti ya dispensere, chukua litre moja ya maji safi, tia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikisawazishwa juu, koroga, mnyweshe kidogo kidogo huku ukija kwetu. Usizidishe chumvi. Endelea kumnyonyesha. Kama anaharisha maji kama ya kuoshea mchele, usingoje asubuhi: kolera inaweza kumwua mtu kwa saa chache tu, na anayetiwa maji mapema karibu kila mara anapona. Yule mtoto wa avenyu ya chini alingojewa usiku mzima, sababu njia ilikuwa imejaa maji na baba alikuwa kazini.

Njia hiyo ndiyo kazi inayofuata. Mfereji wake umeziba kutoka kwenye kona ya kanisa mpaka darajani. Komite imeomba pala kwa idara ya usalama wa kazi na imepewa sita za kuazima, zirudishwe jumatatu asubuhi zikiwa zimeoshwa. Jumamosi hii saa moja, kabla ya jua kali. Wa zamu ya usiku walale, tutawaita jumamosi nyingine. Na robine, kama mnataka kujua, iliharibika tena mwezi uliopita. Iliharibika saa nne asubuhi, na saa tisa ilikuwa ikitoa maji.